Vifungo Kumi vya Mama Mdogo

Kila asubuhi, kabla ya chai, marehemu, ambaye kwangu ni mama mdogo, alifungua kopo lake la bati, akamwaga vifungo vya shati mezani na kuvihesabu. Vikitimia kumi alivirudisha, ndipo akanywa chai. Kikipungua kimoja, hakuna aliyetoka nyumbani mpaka kipatikane.

Alizaliwa tarehe 4 Septemba 1979, mtoto wa mwisho wa fundi viatu na mkunga. Alimaliza darasa la saba mwaka 1994, akasomea ukarani miezi tisa. Mwalimu wake alisema mwandiko wake unasomeka hata na mtu aliyesimama mlangoni.

Mwaka 2015 aliajiriwa kuwa karani wa utafiti. Kazi yenyewe ilikuwa kupima nia ya watu kutumia kondomu. Alibisha hodi, akaketi na mtu mmoja faraghani, akampa vifungo kumi na kisahani. Mtu aliweka vifungo kadiri ya hakika yake kwamba safari ijayo atatumia: kumi ni lazima, kisahani kitupu ni hapana. Marehemu hakuruhusiwa kucheka wala kukunja uso. Kinyozi mmoja aliweka vyote, akauliza kama hana cha kumi na moja amwongezee. Baada ya miezi mitatu marehemu alirudi kwa watu walewale kuuliza wamefanya nini. Kinyozi alijifanya ana wateja. Wengi wa walioweka kumi hawakuwa wametumia hata mara moja. Mtaani wakamwita Mama Vifungo, na vijana wakimwona walipigana viwiko, wakiambiana washike adabu, mizani inapita.

Mwaka 2019 mshonaji mmoja wa kike aliweka vitatu. Marehemu alimuuliza kwa nini, jambo ambalo hakutakiwa kuuliza.

"Nia yangu ni kumi, dada," mshonaji akasema. "Hivyo saba kaviondoa mume wangu."

Mkuu wa ofisi alimwambia fomu ina nafasi ya namba moja tu, aandike tatu. Aliandika. Siku ile alirudi nyumbani hakula.

Yeye mwenyewe alifunga ndoa tarehe 12 Juni 2004 na fundi wa mashine za kusaga, ambaye kazi ilimweka mji huu wiki mbili, mji ule mwezi. Jumapili iliyofuata siku ile ya mshonaji, mume huyo, baba mdogo wangu, alikuwa amerudi. Tulikuwa bado tunatoa vyombo vya mchana marehemu alipoweka kisahani mbele yake na kumwambia aweke. Baba mdogo alicheka, akauliza tangu lini anapimwa kwake kama mpita njia. Akachukua kifungo kimoja, akasema shati lake limepungukiwa, amshonee. Alimshonea. Kesho yake marehemu alizunguka soko zima kutafuta kingine cha kufanana.

Marehemu aliagiza hapa pasisomwe kwamba aliugua kwa muda mfupi. Aligundulika kuwa na virusi vya UKIMWI tarehe 3 Februari 2021. Vidonge vya dawa alivibana kitakoni mwa kopo, chini ya vifungo, na baba mdogo akiwepo hakuvimeza, maana baba mdogo alisema nyumbani kwake hakuna mgonjwa. Mwaka jana kifua kikuu kikamwingia. Muuguzi alimuuliza mbele yangu ana hakika kiasi gani kwamba atameza kila siku. Akajibu kumi, yeye aliyewaona wote walioweka kumi. Tulipotoka nje akaniambia, "Sikumdanganya. Pale kitini nia nilikuwa nayo."

Alifariki tarehe 21 Mei 2024, saa nne asubuhi, kwenye foleni ya zahanati, mbele yake wakiwa wamebaki watu wawili.

Ameacha mume, ambaye yuko hapa, watoto wawili, dada yake, yaani mama yangu, na mimi niliyeishi naye tangu nilipoacha shule darasa la tano.

Asubuhi ile ya mwisho dawa zilikuwa zimekwisha, na baba mdogo alikuwa nyumbani. Marehemu alihesabu vifungo, vikatimia, lakini chai hakunywa. Alimwambia baba mdogo kwamba anakwenda kuchukua dawa, na akirudi atazimeza hapohapo mezani, mbele yake. Baba mdogo akaendelea kunywa chai yake. Nilitaka kumsindikiza, akasema nibaki na watoto, si mbali.

Mlangoni nilimuuliza, "Vingapi, mama mdogo?"

"Usiniulize, mwanangu. Nikirudi utaona."

Akachukua mwavuli, akatoka. Hakurudi.

Apumzike, na asiulizwe tena.