Vituo Saba vya Mama Vuta-Pumzi

Marehemu alizaliwa mwaka 1953. Hapana, siyo 1953. Huo ndio mwaka upepo ulipoezua paa la wazazi wake, na yeye alizaliwa chini ya mabati mapya. Mama yake alikuwa akilikumbusha hilo kila mvua ikinyesha. Basi ni 1954, tarehe 9 Machi, siku ya Jumanne. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Wa kwanza ni kaka yake, mpaka rangi mstaafu, ambaye ndiye aliyeandika haya na ndiye anayeyasoma, kwa hiyo sauti ikimkwama mumvumilie.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961. Utotoni alikuwa na mchezo wake mmoja: anazima taa, anafunika tochi kwa kiganja, kisha anatazama wekundu kati ya vidole. “Kaka, njoo uone, ndani kunawaka!” Betri zikiisha, baba aligomba, na aliyegombezwa ni kaka. Huyo kaka aliishia darasa la saba akashika brashi. Yeye aliendelea mpaka chuo cha tiba, akahitimu mwaka 1976 kuwa mpiga picha za eksirei.

Alifanya kazi hospitali ileile mpaka alipostaafu mwaka 2014. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, chenye taa nyekundu juu ya mlango. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: anamweka mgonjwa sawa, anamgeuza bega, anamtuliza, kisha anawatoa watu wote nje, na yeye mwenyewe anajificha nyuma ya ukuta wa madini ya risasi yanayozuia mionzi, wenye kidirisha cha kioo. Kutoka huko anasema: “Vuta pumzi. Zuia. Usitikisike. Haya, achia.” Mgonjwa peke yake upande huu, yeye peke yake upande ule. Ndipo alipopata jina la Mama Vuta-Pumzi. Kinyozi wa mtaani kwake, akimwona anakuja, alikuwa anavimbisha kifua na kutoa macho mpaka marehemu apite, halafu anapumua kwa kelele kama pancha. Na marehemu bila kugeuka: “Picha imeungua, rudia!”

Alifunga ndoa tarehe 20 Oktoba 1979 na fundi saa, mtu mpole ambaye angeweza kukaa na wewe mchana kutwa bila kukuuliza kitu na bado ukaondoka umeshiba maongezi. Walijaliwa binti mmoja. Fundi saa alifariki mwaka 1996. Binti alikua, akapata kazi ya ualimu mbali, akaolewa huko. Alipiga simu kila Jumapili, hakukosa. “Mama, umekula?” “Nimekula.” “Dawa?” “Nimemeza.” “Haya mama, lala salama.” Saa hiyo jua bado liko juu.

Baada ya kustaafu, nyumba ilikuwa kubwa kuliko mtu. Akawa anapita madukani kununua kitu kimoja kimoja ili apate sababu ya kurudi. Ndivyo alivyoona, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, tangazo la darasa la yoga. Mwalimu alikuwa mama mwembamba, mikeka imepangwa, harufu ya saruji inapanda kutoka chini. Marehemu akakaa mkeka wa nyuma kabisa, akafumba macho. Mwalimu akasema taratibu: “Vuteni pumzi. Zuieni. Achieni.”

Marehemu akafumbua macho kumtafuta aliyekuwa anamwiga. Hakuna aliyekuwa anamwiga. Akalia palepale. Baadaye alimwambia kaka yake, “Miaka yote nimewaambia watu maneno hayo. Sikuwahi kuambiwa mimi.”

Huko alifundishwa kwamba mwili una vituo saba vya nguvu: cha kwanza mwisho wa uti wa mgongo, cha pili chini ya kitovu, cha tatu tumboni, cha nne moyoni, cha tano kooni, cha sita katikati ya nyusi, na cha saba utosini. Nguvu imelala pale chini imejikunja, na mtu akitulia vya kutosha huamka ikapanda kituo kwa kituo. Kaka yake, ambaye vituo anavyovijua ni vya basi, alimuuliza, “Sasa wewe unashukia kipi?”

“Nimekwama cha nne, kaka.”

“Foleni?”

“Dereva amelala.”

Tena hakuwa mtu wa kumeza kila anachopewa. Alisema amepiga picha migongo ya mji mzima na hajaona kituo hata kimoja. Kisha akaongeza kwamba hata huzuni hakuwahi kuiona kwenye picha, na watu waliingia nayo mle chumbani kila siku.

Tatizo lilikuja kwa neno moja. Kitabu cha mwalimu kilisema nguvu ile imejikunja kama nyoka. Jirani wa marehemu, mshonaji, siku alipoleta gauni, akamkuta amekaa mkekani na kumuuliza anafanya nini.

“Namwamsha nyoka.”

“Nyoka! Yuko wapi?”

“Humu mgongoni. Amelala.”

Mshonaji aliacha gauni na sindano zake. Kabla ya jioni mtaa mzima ulijua kwamba Mama Vuta-Pumzi anafuga nyoka. Mmoja alikuja na fimbo kwa nia njema kabisa, akapekua mpaka nyuma ya friji. Marehemu alicheka sana kuhusu huyo wa fimbo. Lakini watoto wakakatazwa kukata njia uani kwake, na mshonaji akawa anapokea vitambaa vya marehemu dirishani. Mwaka 2018 mwalimu naye akahama mji, darasa likafungwa. Marehemu akaendelea peke yake sebuleni. Alitandika mikeka miwili. Wa pili alisema ni wa mgeni.

Asubuhi moja ya Februari 2021 jambo lenyewe likatokea. Alipoinuka alitaka mtu mmoja tu wa kumweleza. Akampigia mwalimu, namba haipatikani. Akampigia binti yake, na binti kwa mapenzi akauliza, “Mama, umepima presha?” Akampigia kaka yake. Kaka hakuelewa kitu kwenye simu, akapanda basi.

Alimkuta amevaa vizuri kama mtu anayetarajia wageni. Akamweleza: joto lilianzia chini kabisa, halikuwa la homa, likapanda polepole. Lilipofika moyoni lilisimama, akamlilia fundi saa kwa mara ya kwanza bila kujizuia, kisha likapita. Kooni, usoni, utosini, kama mtu amemwagiwa maji ya vuguvugu kwa ndani. “Unaniamini, kaka?” Kaka alimjibu kwamba hajui mambo hayo, ila yeye anamjua. Wakakaa mpaka chai ikapoa.

Mwaka 2023 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Walimpeleka kwenye chumba kilekile alichokiacha, na kijana wa nyuma ya ukuta akamwambia avute pumzi. Picha ikaonyesha moyo umetanuka. Daktari alitafuta namna ya kumwambia, yeye akaishika picha mwangani akasema, “Ona, kaka. Kituo cha nne kimefanyiwa upanuzi.” Alitibiwa kwa uangalifu, na familia inawashukuru wote waliomhudumia. Alipolazwa mara ya mwisho, binti yake alifika Jumatatu, akatandika mkeka kando ya kitanda akaukalia bila kuelekezwa. Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 14 Novemba 2024, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini.

Ameacha binti mmoja, mkwe, wajukuu wawili, na kaka yake. Ameacha pia watu wengi wa mji huu aliowaona mpaka mifupani na hakuwasema kwa yeyote. Mshonaji yupo hapa. Ndiye aliyeshona nguo aliyovaa marehemu, na aliipeleka mwenyewe mpaka ndani. Apumzike, na pumziko lake liwe na amani ya kumtosha.

Lipo jambo moja ambalo kaka yake hakujua aliweke wapi katika maelezo haya, basi liwe hapa. Jumapili ya mwisho walikuwa wawili tu wodini. Marehemu alikuwa amefumba macho, kaka akidhani amelala. Mara marehemu akasema, “Siku ile ya Februari sikukwambia yote. Mle sebuleni sikuwa peke yangu.” Alisema kwa furaha, kama mtu aliyetembelewa. Kaka akasogeza kiti akamuuliza. Muuguzi akaingia kupima presha, na marehemu akapitiwa na usingizi. Kaka alimuuliza tena Jumatano, akatabasamu tu. Amemuuliza binti, hajui. Amekaa kwenye ule mkeka wa mgeni, magoti yakamuuma, hakusikia kitu. Na leo anamuuliza tena mbele yenu wote: mdogo wangu, ulikuwa na nani?