Anwani ya Kumngojea Anastasie

Kijiwe cha Mama Arlette kipo Baraka mjini, pale njia ya sokoni inapokutana na njia ya ziwani, na benchi lake ni nguzo ya umeme iliyolazwa juu ya mawe. Nguzo ililetwa kwa hotuba na vigelegele. Umeme wenyewe mpaka leo haujaonekana, basi watu wakaona heri waikalie. Hapo ndipo Casimir anakunywa kahawa yake ya tangawizi kila asubuhi. Wanamwita Mwalimu, kwa sababu zamani alifundisha na mpaka leo hajaacha kusahihisha watu. Yupo na Guy, fundi cherehani, jina la kijiweni Methali, mwenye methali tele na asiyejua hata moja inaingia wapi. Na yupo Jérémie, anayechaji simu za watu kwa jua, anayeitwa Rezo kwa sababu hujifanya mtandao wote unapita kichwani mwake. Asubuhi hiyo Mwalimu alifika amekasirika, na mtu akifika kijiweni amekasirika hapewi pole, hupewa sababu ya kukasirika zaidi.

— Mama Arlette, niletee kaawa. Ya moto!

— Yote iko ya moto, Mwalimu. Nani amekuuzi asubuhi yote hii?

— Wilfried, mutoto wa kaka yangu, ule wa Uvira. Ananiandikia eti tuache ile jina ya site. Eti majina ya internet inaenda kufa, hakuna muntu anaiandika tena, tuingie bote mu groupe ya WhatsApp. Na anataka nimujibu leo!

Mtu mwingine angecheka, akanywa kahawa yake. Lakini jina hilo, Tungalipo, ni anwani ya tovuti ambayo Wilfried mwenyewe alimfungulia baba yake mdogo, ili watu wa eneo hili la Fizi waliotawanywa na vita waandike ndugu wanaowatafuta. Wa kwanza kuandikwa alikuwa Anastasie, dada mdogo wa Casimir. Mwaka ule wa tisini na sita walifika ziwani pamoja, risasi zikilia nyuma yao. Anastasie, mtoto aliyekuwa bado anabadili meno, akapakiwa katika mtumbwi wa watu wasiowajua. Casimir akabaki na mama yao, aliyekaa chini mchangani na kukataa kunyanyuka. Mtumbwi ukaelekea Kigoma. Tangu siku hiyo hakuna salamu wala kaburi. Casimir ameitangaza anwani hiyo redioni mpaka koo likakauka. Amewabembeleza wavuvi wa kijiji cha Swima waiandike ubavuni mwa mitumbwi yao, labda mmoja atapeperushwa hadi ng'ambo. Sasa kijana aliyezaliwa vita vile vimeshapita anamwambia aitupe, na kweli iliuma.

— Mwalimu, usikasirike, alisema Rezo, lakini ule mutoto anasema kweli.

— Kweli gani?

— Siku hizi nani anaandikaka adresi? Mi naona bantu banaleta simu kwangu. Banafungua Facebook, banafungua WhatsApp, basi. Bengine banazani Facebook njo internet yenyewe. Bengine hata kuandika hawaandike: banauliza simu na mudomo, simu inabajibu. Jina ya site itabaki sawa sanduku la posta. Iko, lakini nani anaenda kuifungua?

— Na hiyo simu inatoa majibu wapi? Inaokota ku njia? Haiendi kusoma ku site ya bantu?

— Inasoma, lakini wewe hauone.

— Kumbe iko! Kitu hauone haijakufa. Hata maini yako hauone, na ukinywa pombe ya lotoko inakulilia.

Methali akakohoa. Alikuwa amengoja nafasi.

— Bazee balisema, samaki mukunje angali mubichi.

— Hiyo inaingia wapi, Methali?

— Inaingia. Jina ya internet ni sawa kiwanja. Bazungu balikamata yote mizuri zamani, ikingali mibichi. Batoto betu batakuta imebaki vichwa na mikia. Mi sisemi majina itakufa, mi nasema itaisha, sawa samaki ndagala!

— Majina haiishe sawa ndagala.

— Inaisha! Kwaya yetu ya Nundu ilikuwa na jina yake ku internet, jina ya Zaburi kabisa. Tukaisahau mwaka moja tu. Muntu hatumujue akaikamata. Leo ukiiandika, unakuta mwanamuke nusu uchi anachezesha karata! Pasta aliifungua mbele ya bageni, ndani ya kanisa. Kuanzia ile siku akiona simu anafanya alama ya musalaba, na yeye ni muprotestanti!

Rezo alicheka mpaka kahawa ikampalia. Casimir hakucheka. Alipiga nguzo kwa kiganja na vikombe vikaruka.

— Munasikia huo uchafu? Kwetu, babu akikufa, jina yake inarudia mujukuu. Lakini kwanza bantu banakaa chini, banauliza familia, banakunywa, banakubaliana. Hawezi kutoka muntu tu ku njia akakamata jina ya babu yangu akaipatia mbuzi yake! Na huko banakamata bila kuuliza hata hodi. Halafu wewe Rezo unaniambia niachilie jina yenye dada yangu iko ndani, bacheze karata juu yake?

— Mi nasema hata ya karata itakufa, Mwalimu. Yote! Mbele kule hakutakuwa adresi ya kukamata. Utafikiri tu mu kichwa, simu itasikia harufu ya mawazo, itakuletea kitu unataka.

— Ikisikia harufu ya mawazo yako wewe, alisema Mama Arlette akiongeza makaa, itazima yenyewe.

— Mama, hii ni mambo ya science.

— Na mi nakuambia science yenyewe. Tutapewa bote namba. Site namba, bamama namba, batoto namba, sawa magunia ya musaada. Hakuna atauliza tena wewe ni nani. Atakugeuza tu asome mu mugongo.

Methali alisimama, akatazama huku na huku kama mtu mwenye siri ya serikali.

— Munaacha kitu kubwa. Ni ile machimbo ya Misisi! Kuna satellite iko inaangalia dahabu yetu usiku na muchana. Benye hiyo satellite banataka kufuta adresi zote za dunia, ili siku tukiamka kuuliza dahabu ilienda wapi, tusione mulango ya kubisha. Haraka haraka haina baraka!

— Baraka iko hapa, umeikanyaga, alisema Rezo.

— Njo maana nasema!

Casimir alisikia damu inampanda kichwani. Wenzake walikuwa wanacheza, na yeye alikuwa na jibu la kutoa kabla jua halijazama. Walikuwa wanampeperusha Anastasie kwa satelaiti na harufu za mawazo. Akasimama naye.

— Nyamazeni! Rezo, nijibu. Groupe ya WhatsApp, unaingiza nani ndani?

— Muntu mwenye uko na namba yake.

— Eeh! Kama ningekuwa na namba ya Anastasie, ningekuwa namutafuta juu ya nini? Groupe ni nyumba ya bantu bamekwisha kuonana. Banafunga mulango, banaandikiana salamu za Noeli. Lakini jina, muntu yeyote anaweza kuisikia ku redio, kuisoma ku ubavu wa pirogue, akaikumbuka, akaenda kubisha peke yake. Hajue namba ya muntu, hajue kama tuko hai, lakini jina anajua. Munataka kuvunja mulango yenye inatazama njia, halafu munaniambia ni maendeleo!

Rezo akakuna shingo. Mwalimu alikuwa amesema kweli, na alijua amesema kweli, na hilo likamzidishia ukali badala ya kumtuliza.

— Nitamujibu Wilfried: jina inabaki. Internet yote inaweza kuoza, Tungalipo inabaki! Siku dada yangu ataifungua, ataona jina yake iko ya kwanza, juu kabisa: Anastasie Wilondja, vile padri alimubatiza. Atajijua.

— Papa, samahani.

Wote wakageuka. Nyuma ya benchi alisimama Joselyne, Mrundi wa kambi ya wakimbizi, anayemletea Mama Arlette sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kila asubuhi. Alikuwa ameshusha beseni lake muda mrefu, akisikiliza, na hakuna aliyekumbuka kusogea ili akae.

— Samahani, Papa. Ule dada yenu, pale alifika ng'ambo, balimuandikisha na jina gani?

— Jina gani tena? Jina yake. Anastasie.

— Alikuwa na nani ku pirogue?

— Bantu tu. Hatukubajua.

— Basi bale njo balimuandikisha. Mutoto hana mama hawezi kusimama peke yake ku mustari wa chakula. Banasema ni mutoto wetu, banamupatia jina ya kwao, njo apate kula na mahali ya kulala. Anakomaa na ile jina. Anaolewa nayo. Ile ya zamani hata hakumbuke vizuri.

Alisema haya bila kumlaumu mtu, akifuta mikono kwenye kitenge chake.

— Mi nauliza tu, Papa. Leo anaitwa nani?

Rezo alitazama simu yake, na simu haikumsaidia. Casimir alisikia hasira yote inamtoka miguuni, na mahali pake ikaingia hofu ambayo hakuwahi kuiona. Miaka yote hiyo alipigania anwani isife, na hakujiuliza hata siku moja kama mtu anayeitwa humo bado anageuka akiitwa. Labda Anastasie alikwisha kuisoma. Labda alipitisha kidole juu ya jina lake mwenyewe, akawahurumia watu hao waliompoteza mtoto, akaenda zake.

— Sijue, alimwambia Joselyne. Mama, sijue.

Akasogea, akampa nafasi kwenye nguzo. Joselyne akakaa ukingoni.

— Na wewe, aliuliza Casimir, kwenu banakutafutaka na jina gani?

Mwanamke alitazama njia ya sokoni, akatazama ya ziwani.

— Nizigama, alisema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani. Joselyne alikuwa dada yangu, Mungu amulaze. Nilivuka muto Ruzizi na karatasi yake, njo baliniandikisha Joselyne.

— Hakuna anajua?

— Hata jirani yangu hajue. Kaka yangu akifika ku camp akiuliza Nizigama, batamuambia hayuko. Na mi niko pale ku robinet, nachota maji.