Santuri ya Jumapili

Tangu Jumamosi, Maureen Dodd hakuwa amezungumza na yeyote ila paka wake. Kwa hiyo mzee asiyemjua, aliyeketi karibu naye kwenye basi la kwenda mji wa Hexham, alipoikodolea macho santuri ambayo Maureen alikuwa ametoka kuinunua, hata dharau yake ilimfurahisha.

"Umetoa pesa kwa hiyo, kipenzi? Nyimbo za wachunga kondoo, za miaka mia tatu, halafu vijana wanazitia gitaa la umeme! Ni kumvika bibi yako sketi fupi."

"Na kama bibi ana miguu mizuri?"

Mzee akacheka. "Audrey wangu angekujibu hivyohivyo. Aliinunua santuri hiyohiyo mwaka sitini na tisa, tulipooana. Kila Jumapili akiipiga, mimi huyo bustanini. Miaka hamsini na tatu, sikukaa naye kuisikiliza hata siku moja."

"Na sasa?"

"Alifariki Februari. Jumapili naenda bustanini vilevile. Nyumbani kimya."

Maureen akauliza, "Alipenda wimbo upi?"

"Wa tatu, upande wa pili," mzee alijibu papo hapo. "Fidla inaanza peke yake, taratibu, kama mtu anayepanda kilima. Halafu lile gitaa linaiharibu."

"Haliiharibu. Linaisindikiza."

"Linaiharibu, nakwambia!"

Basi likasimama. Mzee akashuka, bado anatikisa kichwa. Maureen, ambaye nyumbani alikuwa na gramafoni na viti viwili, alikuwa angali akitafuta maneno ya kumkaribisha chai wakati mlango ulipofungwa.