Tunatembea Tu

FUNDI: Haloo? Wewe Posta! Siku mbili nasimama darajani kama mlingoti, simu hupokei—

BINTI: Samahani. Si yeye.

FUNDI: Eh! Ni nani?

BINTI: Binti yake. Shikamoo.

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Mpe simu huyo mvivu.

BINTI: Hapo si kwa daktari wa mgongo? Humu simuni mwake baba ameandika “Mgongo”. Kila asubuhi anakupigia.

FUNDI: (Anacheka.) Daktari! Mimi fundi cherehani, hapa sokoni. Miaka thelathini nimeinamia mashine, mgongo ukagoma kunyooka. Mgongo ndiyo mimi, na yeye namwita Posta.

BINTI: Sasa wewe na baba...

FUNDI: Tunatembea.

BINTI: Mna... tembea?

FUNDI: Si huko, mtoto wewe! Kwa miguu! Tulikutana kliniki. Tukaambiwa dawa ni kutembea, tena kila siku. Tunatembea tu.

BINTI: Mama...

FUNDI: Niite fundi. Yuko wapi?

BINTI: Mama.

(Mtandao unakwaruza.)

FUNDI: Lini?

BINTI: Juzi asubuhi. Alikaa kitini afunge kamba za raba. Nikamkuta ameinama vile vile. Nikadhani ni mgongo tu.

FUNDI: Juzi. Na mimi nipo darajani namtukana.

BINTI: Tunamzika leo saa tisa. Nilipiga ili daktari asimsubiri.

FUNDI: Hmm. Umefanya vizuri.

BINTI: Nitume gari likufuate?

FUNDI: Usitume. Nakuja kwa miguu.

BINTI: Kutoka sokoni? Na kilima chote kile?

FUNDI: Mimi huishia darajani, yeye anapanda peke yake. Ijumaa alinitania, “Fundi, kwangu utaletwa kwa machela.” Nikamwapia nitafika kwa miguu yangu.

BINTI: Alikuwa anatania, mama. Ukichelewa hutamwona.

FUNDI: Najua.

BINTI: Basi nitakusubiri getini. Njoo polepo—

(Simu inakatika. Saa tisa kasoro robo inaita tena.)

BINTI: Uko wapi? Watu wanamuaga.

FUNDI: Nimevuka daraja. Niko... ngoja nivute pumzi... penye duka la mbao.

BINTI: Hapo ni nusu ya kilima! Simamisha gari lolote.

FUNDI: Mawili yamesimama yenyewe. Nimeyaambia yaende.

BINTI: Unalia?

FUNDI: Mgongo huo.

BINTI: Baba mdogo anasema hawawezi kungoja.

FUNDI: Wasingoje. Mwangalie wewe kwa niaba yangu. Mwangalie vizuri.

(Inakatika. Baadaye binti anapiga tena.)

FUNDI: Haloo? Nimefika juu. Naona geti la kijani, lakini hakuna watu.

BINTI: Wameshaondoka naye, mama.

FUNDI: Haya.

BINTI: Geuka kushoto. Mwenye kanga nyeusi ndiyo mimi.

FUNDI: Mbona umebaki?

BINTI: Si nilisema nitakusubiri?

FUNDI: Baba yako anazikwa, mwanangu!

BINTI: Makaburini si mbali, kama robo saa. Wametuachia gari moja, lakini—

FUNDI: Unaweza kunishika mkono?

BINTI: Naweza.

FUNDI: Basi mwambie dereva atangulie. Haya, kata simu, utamaliza salio la marehemu.