Ubeti wa Fidélie Ulioachwa Nje ya Santuri

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Waheshimiwa Madiwani wa Nchelenge, wazee wa koo zetu, Mchungaji, walimu wangu, wafanyabiashara mliovuka ziwa kutoka Kilwa na Pweto za upande wa Kongo, wanamuziki wa bendi ya Radi ya Mweru, ndugu wageni waalikwa: salamu kwenu nyote.

Kabla ya yote naomba niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata rafiki ninayekaa naye dawati moja. Siupendi wimbo wa "Fidélie". Najua jina la wimbo huo limeandikwa kwenye kitambaa kilichotundikwa nyuma yangu, na najua wengi wenu mmekuja kwa ajili yake. Lakini kila unapopigwa, mimi hutoka nje.

Jina langu ni Olipa Kalaba, niko gredi ya kumi na moja. Mwalimu Mubanga ndiye aliyenichagua nisome hotuba ya vijana leo, tunapowaaga wazee wa Radi ya Mweru wanaokwenda Lusaka, na kutoka huko Ulaya, kupiga tena nyimbo za ujana wao. Aliniambia, "Wewe unasoma sana vitabu, wasifu wazee kidogo, kisha ushuke." Mwalimu, nisamehe, karatasi uliyoikagua si hii.

Hata hivyo nitawasifu, kwa sababu wanastahili. Walipokuwa vijana walileta gitaa la umeme kwenye ufuo huu ambao haukuwa na umeme, wakaliwasha kwa betri za lori, wakapiga muziki wa roki mpaka bata wakaacha kutaga. Kambo wangu, ndivyo huku tunavyomwita bibi au babu, ndiye aliyenisimulia hayo, na hapo kwenye bata alicheka. Anasema kila wiki walikuwa na wimbo mpya. Ziwa likifungwa watu wasivue, walitunga wimbo. Chumvi ikikosekana, walitunga wimbo. Je, ni nani kati yenu anayekumbuka wimbo wao wa mwisho kutungwa? Vita vimepita ng'ambo ya pili, watu wamevuka na watoto mgongoni, wengine hawakufika. Mimi nimezaliwa katika hayo. Wazee wetu, mliimba nini juu yetu? Nawasifu kwa kumbukumbu yenu kali: mmeilinda kila noti ya nyimbo nne mnazopiga hadi leo, hamkupoteza hata moja, na kwa kazi hiyo mmekosa nafasi ya kuona kitu kingine chochote.

Sasa nieleze kwa nini natoka nje.

Huyo Fidélie wa wimbo ni kambo wangu, mama mzaa mama. Yupo hai. Nyumba yake iko karibu na soko la samaki, na leo hakuja kwa sababu waandalizi walimtaka apande hapa jukwaani acheze wimbo ukipigwa, ili watu wampige picha. Alitikisa kichwa. Hakuweza kusema hapana, kwa sababu tangu mwaka jana, alipopatwa na kiharusi, ulimi wake hautoi maneno.

Wazee wa hapa wanajua wimbo ulivyozaliwa, lakini wageni hawajui. Ulizaliwa kwenye harusi kule Mununga. Mzee Gustave, mpiga gitaa wetu, ni wa ukoo wa Samaki. Kambo ni wa ukoo wa Mamba, na mimi pia, kwa kuwa ukoo tunaufuata kwa mama. Mamba na Samaki ni watani. Siku ile Gustave alishika kipaza sauti akamtania mbele ya watu wote:

*Fidélie, Fidélie, uliacha gitaa,*
*ukafwata moteri ku bwato ya tajiri.*

Watu walicheka, kwamba amemwacha mpiga gitaa akafuata injini ya mashua ya tajiri. Kambo naye akaweka chini sahani aliyokuwa akiosha, akamwendea, akamnyang'anya kipaza sauti, akajibu papo hapo:

*Samaki yote ya Mweru inafwataka taa,*
*Gustave peke yake alikimbia yetu.*
*Mama aliiwasha, akuone sura,*
*ukaruka mu manyasi, ukaacha kiatu.*

Maana hiyo ndiyo iliyokuwa kweli. Kambo hakumwacha mtu. Gustave alikuwa akija kumwona gizani, na jioni moja mama mzazi wa Fidélie alipowasha taa ili amwone na kumuuliza ametoka kwa nani, bwana alikimbia. Ninyi mnaovua dagaa wa chisense kwa taa mnaelewa jinsi utani huo ulivyokuwa mtamu. Wanasema Gustave mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo wimbo uliimbwa hivyo, sehemu mbili, kila harusi, yeye anatupa na kambo anarudisha.

Kisha wakaenda mjini kurekodi santuri. Mwenye mashine akasema wimbo ni mrefu, hauenei upande mmoja wa santuri. Wakakata sehemu ya kambo. Mahali pake wakaweka solo ya gitaa, lile gitaa linalokwaruza, ambalo ninyi mnalishangilia mkiwa mmefumba macho. Kila mnaposhangilia hapo, mnamshangilia mwanamke aliyefungwa mdomo.

Sheria ya utani hamhitaji kufundishwa na mtoto wa shule. Mtani akikutupia neno hukasiriki, unamrudishia. Lakini santuri ilifika Mansa, ilifika Lubumbashi, ikafika kwa watu wasiomjua Mamba wala Samaki, nao walisikia upande mmoja tu. Utani uliokatwa jibu unabaki kuwa tusi. Na tusi hilo limepigwa redioni tangu kabla mama yangu hajazaliwa.

Mnataka kujua lilifanya nini? Mume wa kambo alikuwa fundi wa nyavu. Hakuwahi kuwa na moteri, hakuwahi kuwa tajiri. Alisikia wimbo huo kila alikopita mpaka alipokufa, na vijana walikuwa wakimwuliza, "Tajiri, bwato yako iko wapi?" Kanisani, akina mama walipotaka kambo awe kiongozi wao, mtu mmoja alianza tu kupiga mluzi ile solo. Kambo alikaa chini, na mwingine akachaguliwa. Sokoni alijitetea kwa kuimba ubeti wake mwenyewe, juu ya beseni lake la samaki, kila mara mtu alipomchokoza. Sasa hawezi tena. Anayeujua ubeti wote ni mimi, na wazee wachache waliokaa hapa mbele wakiangalia viatu vyao.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye mazoezi ya bendi. Wanaonijua wanajua kwamba mimi hata dukani huogopa kuita mwenye duka. Nilisimama nikasema, "Kambo Gustave, mnakwenda kuimba nyimbo za zamani. Naomba muimbe hii kama ilivyokuwa zamani kweli. Ubeti wake nimekuja nao."

Akasema, "Mutoto, batu banataka vile iko ku diski. Ukibadirisha, banasema: iyi haiko yenyewe."

"Lakini ile ya kwanza ndiyo yenyewe."

"Kwanza nani aliisikia? Batu wa harusi moja. Bengine bote basikia diski."

Mzee Constantin, mpiga ngoma, akacheka nyuma ya ngoma zake: "Vieux, mzee mwenzangu, unaogopa meno ya mutoto wa mamba!"

"Meno gani? Ingali ya maziwa." Kisha Mzee Gustave akaniambia, kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma: "Sikia, mwanangu. Ile ilikuwa utani tu. Mambo ya utoto. Sasa iko classique. Acha bazee bapate ya kula."

Ndugu wageni waalikwa, nimelifikiria sana neno hilo. Kama ulikuwa utani tu, kwa nini jibu linakuogopesha, Mzee Gustave? Na kama si utani, umemfanyia nini kambo wangu maisha yake yote? Mnaita hii kukumbuka. Mimi katika vitabu nimesoma kwamba kukumbuka ni kurudi mahali jambo lilipotokea na kulitazama tena. Ninyi hamrudi Mununga. Mnarudi kwenye santuri, na mnaturudisha sisi pamoja nanyi, na kila mnaporudi mwanamke yule anazidi kuwa mwongo, nanyi mnazidi kuwa vijana.

Sitaki msiende Ulaya. Nendeni. Ninachoomba ni kwamba leo, hapa, mbele ya watu wa koo zote mbili, ubeti wa Fidélie uimbwe mahali pake. Si lazima niuimbe mimi. Sauti yangu si nzuri. Uimbe wewe, Mzee Gustave, kwa mdomo uleule.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakushukuru kwa kunipa nafasi hii, na ninyi wote nawashukuru kwa kunisikiliza hadi neno la mwisho, hasa mliotaka niishie katikati.

*

Hivyo ndivyo nilivyosoma. Waliopiga makofi walikuwa wachache. Mshereheshaji alichukua kipaza sauti kutoka kwangu, akasema vijana wa siku hizi wana maneno, watu wakacheka, kisha akatangaza kwamba sasa bendi itatupigia "Fidélie" kama tunavyoijua. Mzee Gustave alikuwa amekaa kwenye kiti chake akifuta miwani yake.

Watani wana haki moja zaidi ambayo sikuisoma kwenye hotuba. Mtani akikunyima jibu, unaweza kuchukua kitu chake mbele ya watu na kukaa nacho mpaka aje kukikomboa, naye haruhusiwi kukasirika. Nilikwenda hadi kwenye stendi ya gitaa lake, nikachomoa waya, nikalibeba. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Mwalimu Mubanga aliniita kwa jina mara mbili. Mzee Constantin alipiga fimbo zake pamoja, akapaza sauti, "Mamba amekamata!" na wazee wa mbele wakaanza kucheka, hata wale wa ukoo wa Samaki.

"Mutoto, rudisha gitaa," alisema Mzee Gustave.

"Iko kwa Fidélie," nikamjibu.

Nilipita katikati ya viti nikatoka. Nilipofika barabarani nilisikia wameanza wimbo kwa gitaa la kuazima. Sikurudi. Nilifika nyumbani nikaliweka gitaa kitandani, kando ya kambo, nikamweleza kila kitu, hata kwamba wanaendelea kupiga. Kisha nikampikia uji, nikamlisha, na nikatoa kiti kizuri nikakiweka uani kwa ajili ya mgeni.