Vitabu Nilivyoambiwa Nivikate

Mheshimiwa Mkurugenzi, ndugu wageni waalikwa mliokuja na viatu vizuri, mafundi wenzangu wa kiwanda hiki cha uchapaji, na wewe mke wangu, uliyenionya nyumbani niseme asante tu nikae: samahani, leo sitakusikia.

Nimeambiwa nastaafu kwa heshima baada ya miaka thelathini na minane kwenye mashine ya kukata karatasi. Shule niliiacha darasa la nne. Kusoma nimekunolea hapa, kwenye karatasi zilizoharibika, ndiyo maana najua mwanzo wa vitabu vingi na mwisho wa vichache.

Kimoja, tulichokichapa hapa nakala mia tano, nimekisoma chote. Kimeandikwa na binti yetu wa chumba cha kushona vitabu, yule pale aliyeinama. Inua kichwa, mwanangu. Ni hadithi ya mji wa miaka mia ijayo, ambako madirisha yamepakwa rangi watu wasijue jua limefika wapi, na mtaa mzima una kibao kimoja cha kuvaa shingoni ukienda chooni. Mtu anapanga foleni kijana, zamu yake inafika ana mvi.

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Halafu kila mmoja akatazama madirisha yetu yaliyopakwa rangi, kisha msumari wa mlangoni, kinapotundikwa kibao chetu cha chooni. Kimoja, watu arobaini.

Jumatatu Mheshimiwa akaniita.

"Mzee, vile vitabu mia tano vikate viwe chakavu. Na huyo binti, mwisho wake Ijumaa. Amekitukana kiwanda."

"Bosi, si mambo ya miaka mia ijayo?"

"Na hicho kibao je?"

"Kumbe unakijua."

Alinitazama kama ninavyotazama karatasi iliyoingia upande.

Ndugu zangu, nani amewahi kuogopa uongo mtupu? Angeandika habari za joka lenye vichwa saba, leo tungempigia makofi. Anayeandika kesho mbaya haokoti maneno hewani. Anaokota yaliyomwagika sakafuni leo, akayakuza kidogo ili hata sisi wenye macho mabovu tuyaone. Hadithi ikikuuma, kitabu kina kosa gani? Ongeza vibao. Kwangua rangi madirishani.

Wiki nzima Mheshimiwa amesikia mashine yangu ikinguruma, akaridhika. Kweli, nilikuwa nakata. Nilikata kingo tatu za kila kitabu, zikanyooka, kama tunavyofanya kwa kitabu kinachokwenda kwa wasomaji. Vyote mia tano viko kwenye maboksi hapo nje, na wageni wetu hawatatoka mikono mitupu.

Mimi nifukuze, Mheshimiwa. Una mpaka saa kumi, kazi yangu inapoisha. Ila huyu binti ukimfukuza, mwambie sababu hapa, mbele ya watu: kwamba amesema uongo, au kwamba amesema kweli.

Nawashukuruni nyote kwa masikio yenu. Kipaza sauti hiki hapa, Mheshimiwa. Tunakusikiliza.