Bi Taratibu na Neno la Juu ya Mlingoti

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Vuteni viti. Mwenye chai anywe chai yake, mwenye kazi mkononi aendelee nayo. Mimi naomba masikio tu.

Leo tunamkumbuka mwanamke aliyepanda milingoti ya mashua za matanga. Alipanda peke yake. Alipanda peke yake kwa miaka ishirini na saba, na kila alipopanda alishuka mzima. Amefariki wiki iliyopita, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, kitandani kwake, asubuhi, baada ya kumaliza kikombe cha chai na kulalamika kwamba hakina sukari. Hakuanguka. Nalisema mapema, kwa sababu najua wapo mlioanza kukunja uso.

Watu wa gatini walimwita Bi Taratibu. Jina hilo walimpa kwa utani, tena utani wenye hasira kidogo, maana kazi ambayo fundi mwingine aliimaliza kwa nusu saa, yeye alishinda nayo asubuhi nzima.

Kwa msiojua, mlingoti ni ile nguzo ndefu iliyosimama katikati ya mashua, inayobeba tanga. Kileleni kuna taa, kuna kapi la kupitishia kamba, kuna nyaya zinazouzuia mlingoti usilale. Vyote hivyo huchakaa. Vikichakaa, lazima mtu apande. Mita kumi na tano, wakati mwingine ishirini. Hesabu ghorofa tano, halafu ondoa ngazi. Mimi ninayesema nanyi, nikipanda stuli kubadilisha balbu huwa naushika ukuta na kumwita mke wangu aje anitazame. Basi elewa ninamzungumzia mtu wa aina gani.

Lakini wasikilizaji wapendwa, mwanzoni hakuwa akipanda peke yake. Alikuwa na kaka yake.

Kaka huyo yu hai. Ana miaka sabini na mitatu. Nilimkuta juzi katika sebule ya marehemu, amevaa koti la kazi lenye madoa ya rangi ya buluu, ameketi ukingoni mwa kochi kama mgeni, na nyumba ile ameizoea kuliko yake. Akanionyesha viganja. Katikati ya kila kiganja umepita mstari wa ngozi laini inayong'aa, kutoka kidole cha shahada hadi chini ya kidole kidogo. "Hii," akaniambia, "ni siku ile."

Nami nikamwambia, "Nieleze siku ile, mzee wangu."

Walikuwa timu. Dada anapandishwa, kaka anavuta. Dada anakaa kwenye kiti cha turubai, kamba inapita kwenye kapi la kileleni, inarudi chini hadi kwenye winchi, na kaka anaizungusha winchi mpaka dada afike. Akifika, anajifunga kwenye mlingoti kwa mkanda wake mwenyewe. Akishajifunga, anapaza sauti: "Achilia!" Maana yake, niko salama, legeza kamba, nitumie vifaa. Kama bado hajajifunga, anasema: "Shikilia!" Walifanya hivyo miaka tisa bila mkwaruzo.

Sasa hebu yatamke mwenyewe hapo ulipo. Shikilia. Achilia. Yatamke tena, ukiwa unayatupa mita kumi na tano chini, upepo unapiga nyaya, na kwenye mashua ya jirani mtu anasugua rangi kwa mashine. Kinachofika chini ni mkia tu. Ilia.

Siku ile, dada akiwa na miaka thelathini na minane, sauti ilitoka juu. Kaka akasikia "achilia". Akalegeza kamba. Dada hakuwa amejifunga.

Akaja. Kaka akaona kiti kinashuka, akaidaka kamba kwa mikono mitupu. Kamba ikamla viganja, hakuiacha. Dada akajigonga mlingotini mara mbili, akasimama akining'inia mita mbili kutoka chini. Mfupa wa bega ulivunjika, na mbavu mbili. Lakini roho ilibaki mahali pake.

Kesho yake kaka akaenda hospitali, mikono yote miwili imefungwa bendeji. Akasimama kando ya kitanda. "Nisamehe, dada. Sikusikia vizuri." Dada akaitazama mikono ile iliyofungwa. Kisha akasema neno moja tu.

"Yamekwisha."

Na kweli yakaisha. Hayakuzungumzwa tena. Kaka akahamia karakana ya rangi, hakushika kamba ya mtu tena maishani mwake. Dada, alipopona, akatangaza kwamba tangu siku hiyo atapanda peke yake.

"Kila nilipomwona juu peke yake," kaka aliniambia, "nilijua ananiambia kitu. Ananiambia, kaka, wewe nimekusamehe, lakini masikio yako siyaamini tena. Miaka yote hiyo nilitaka kumuuliza kama ndivyo. Niliogopa jibu."

Hilo ndilo swali alilotembea nalo. Je, dada yake aliacha kumwamini?

Tumwache hapo kidogo na swali lake, turudi kwa Bi Taratibu, maana mwenzenu huyu aliigeuza sebule kuwa chuo.

Binti yake ni mwuguzi. Siku ya tukio alikuwa mtoto wa darasa la pili. Anakumbuka mama yake amelala wiki sita, anachora kamba nyuma ya kalenda ya ukutani. Miezi ikamalizika kabla haijaisha, maana kalenda yote ilikuwa imegeuzwa. Alipoweza kusimama, akamwita fundi seremala atie ndoano nene kwenye boriti ya dari. "Basi nikirudi shule," binti anasema, "namkuta mama ananing'inia sebuleni kama taa. Baba yuko chini yake anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Anamwambia tu, mama nanihii, usinizibie mwanga."

Utaratibu alioutengeneza ulikuwa huu. Kamba inatoka kileleni na kukazwa chini kabisa, haisogei. Kwenye kamba hiyo kuna vibano viwili. Kibano kikisukumwa juu kinapanda, kikibebeshwa uzito kinauma kamba. Kimoja kimeshika kiti chake. Kingine kina kitanzi cha miguu. Anasimama kwenye kitanzi, anasukuma kibano cha kiti, anakaa. Anainua miguu, anasukuma kibano cha kitanzi, anasimama. Simama, sukuma, kaa. Simama, sukuma, kaa. Kama kiwavi kwenye bua. Na pembeni kuna kamba ya pili, yenye kibano chake, imefungwa kiunoni. Ya kwanza ikikatika, ya pili ipo. Kamba mbili, wasikilizaji. Kamba mbili kila siku, hata kama ni kwenda kufuta kinyesi cha ndege kwenye taa.

Kila kifaa alikifunga kwa uzi mkononi au kwenye ndoo, bisibisi isije ikamwangukia mtu utosini. Chini aliweka kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: MTU YUKO JUU. USIGUSE KAMBA YOYOTE. TENA USINIITE.

Hilo la mwisho watu walilicheka sana. Lakini alikuwa akilimaanisha. Akiwa juu hakusema na mtu. Ungempigia mluzi, ungemwita kwa jina la babu yake, kimya. Wengi walidhani ana maringo.

Na kilichowaudhi zaidi wenye mashua ni ile "safari ndogo". Kabla ya kupanda, Bi Taratibu alipanda hadi usawa wa goti. Goti tu! Akaning'inia hapo, akajirusharusha kwa uzito wake wote. Kisha akabadilisha vifaa vya kupandia, akaweka vya kushukia, akashuka hiyo nusu mita mpaka chini. Alisema wengi hufikiria kupanda, halafu wanafika juu ndipo wanaanza kufikiria watashukaje. Safari ndogo ikienda sawa, ndipo aende kubwa.

Tajiri mmoja mwenye mashua mpya inayonukia vanishi alimjia juu. "Bibi, nimekuita upande, sikukuita ubembee."

"Nikimaliza kubembea nitapanda," akajibiwa. "Kama una haraka, mlingoti ni wako. Panda."

Yule bwana akacheka, lakini hakumaliza kicheko. Kapi la kileleni, lililofungwa siku mbili tu kabla, lilipasuka. Bi Taratibu akaanguka. Akaanguka nusu mita, kabla hata kamba ya pili haijakaza, kwa makalio, puu! Akakaa pale sakafuni akipangusa suruali, akamwuliza, "Sasa tungekuwa tumepanda moja kwa moja kama ulivyotaka?" Nasikia yule bwana alienda mwenyewe kutafuta kiti cha kumkalisha. Tangu hapo hakuna aliyemharakisha.

Alipofika miaka sitini na sita, magoti yakagoma. Akastaafu bila sherehe. Mume alikuwa ameshatangulia. Kaka akaanza kuja kila Jumapili. Wanakunywa chai, wanasema bei ya rangi, wanasema wajukuu, wanasemana wao kwa wao. Jambo moja tu halikuguswa.

Sasa tunafika mahali nilipotaka tufike.

Miezi minane iliyopita, karakana ilimwomba aandike kanuni zake za kupanda peke yake, mafundi wapya wazisome. Bega lile lililovunjika lilikuwa limeanza kumsumbua, kalamu haikai mkononi. Kaka ana mwandiko mzuri. Basi Jumapili ile wakakaa mezani, dada anatamka, kaka anaandika. Kanuni ya kwanza, kamba mbili. Ya pili, safari ndogo. Wakaenda hivyo mpaka ya saba. Mazungumzo yenyewe nimepewa na kaka na binti, na wote wawili wameyasimulia vilevile.

Dada akasema, "Saba. Ikibidi kupanda na mtu wa chini, msitumie maneno yanayofanana. Msiseme shikilia na achilia. Mimi nilikosea hapo."

Kalamu ikasimama.

"Nani alikosea?"

"Mimi. Andika, kaka."

"Siandiki uongo. Mimi ndiye niliyesikia vibaya."

"Ulisikia vibaya nini?"

"Ulisema shikilia, nikasikia achilia."

Dada akaweka kikombe mezani. "Kaka. Nilisema achilia."

"Ulisema shikilia."

"Nilitaka kusema shikilia. Mdomo ukasema achilia. Nilijisikia mwenyewe. Lilipotoka tu nikajua, na wewe ukafanya nilichokwambia. Kwani hukujua?"

"Ningejuaje?"

"Ulipokuja hospitali ukasema hukusikia vizuri, nikajua unanifichia aibu, nisije nikamwaga unga kazini. Ndiyo maana nikakwambia yamekwisha. Sikutaka uendelee kudanganya kwa ajili yangu."

Mzee akavua miwani. Ilikuwa imepita miaka thelathini na miwili. Hapo ndipo akauliza lile swali lake.

"Basi mbona ukapanda peke yako? Kama hukuacha kuniamini, mbona ukaniacha chini?"

Dada akamjibu hivi, na nimeomba ruhusa ya familia niyasome kama yalivyo.

"Nani amekwambia niliacha kukuamini? Uliidaka kamba mpaka nyama ikatoka. Mimi niliacha kuuamini mdomo wangu. Nikiwa peke yangu juu, hakuna neno la kukosea. Niliwaachia watoto wako baba mwenye mikono, nikaona inatosha."

Binti alikuwa jikoni. Anasema alisikia kishindo cha kiti, halafu sauti ya watu wawili wazima wanalia. Akakimbia, moyo mkononi, akijua mtu ameanguka. Akawakuta wameshikana mabega, wamelowa machozi, wanacheka mpaka hawawezi kupumua. Kaka anasema, "Mjinga wewe." Dada anasema, "Mjinga ni wewe uliyenitii."

Wasikilizaji wapendwa, nilimwuliza mzee kama ana uchungu na miaka iliyopotea. "Ninao kidogo," akasema. "Lakini nilipata miezi minane. Alikuwa akinipigia simu asubuhi bila sababu. Ananiambia tu, kaka, nimeamka. Mtu mwenye furaha ya namna hiyo nitamlilia, lakini sitamsikitikia."

Kanuni zake zimebandikwa ukutani pale karakana, kwa mwandiko wa kaka. Ya saba imeandikwa kama alivyoitamka, na chini yake kuna sentensi ambayo kaka aliiongeza kwa mkono wake: *Tulikosea wote wawili, kwa kunyamaza.*

Kwa binti yake, kwa wajukuu, kwa mafundi wote wa gatini, poleni sana kwa msiba. Na kwako wewe mzee wangu, kaka wa marehemu, najua redio yako iko wazi hapo sebuleni. Pole. Mungu amlaze dada yako mahali pema, na akupe usingizi mwema.

Zimebaki dakika nne za kipindi hiki. Nilikuwa nimeziandalia maneno mazuri mazuri, nimeyafuta. Dakika hizi ni zenu. Yupo mtu uliyemsamehe nusu, au unayedhani amekusamehe nusu, kwa neno lililosemwa siku moja na halikuzungumzwa tena. Punguza sauti ya redio. Mpigie. Mwulize siku ile alisema nini hasa.